Mama zetu wajane nao wana haki ya kupendwa

Sisi watu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, tunaoishi Ubelgiji tunapenda kusema kwamba Wazungu huzeeka peke yao, na kauli hiyo ina ukweli wake, kwa maana katika jengo ninamokaa hapa Liège wamo wazee ambao juma zima hawagongewi mlango na mtu isipokuwa muuguzi. Lakini Jumapili alasiri baadhi ya wazee haohao huvaa viatu vilivyong'arishwa wakaenda kwenye kumbi za kucheza muziki na kunywa chai, na huko mwanamke wa miaka 70 huweza kupata mtu wa kumshika mkono bila mwanawe hata mmoja kuitisha kikao. Nikiyaona hayo huwafikiria mama zetu wa Kadutu na Bagira kule Bukavu, ambao wageni hawakatiki mlangoni kwao, lakini ni mwiko kwao kusema kwamba moyo umempenda mtu.

Kwetu upweke wa mjane hauaminiki. Nyumba imejaa wajukuu, kwaya ipo, likelemba (mchango wa kupokezana pesa kwa zamu) ipo, kwa hiyo akitamka neno la mapenzi huulizwa anatafuta nini tena. Mwanamume haulizwi hivyo. Akifiwa na mke, matanga hayajamalizika vizuri na dada zake wameshaanza kumtajia majina, kwa hoja kwamba hawezi kujipikia. Tangu vita vya 1996 mji wetu na vijiji vinavyouzunguka vimekuwa na wajane wengi waliofiwa wangali vijana. Wengi wao sasa wana mvi, na sielewi ni nani aliyewahukumu kumaliza maisha wakilinda nyumba ya marehemu. Kanisa silo, maana Mtume Paulo, katika barua yake ya kwanza kwa Wakorintho, anasema wazi kwamba mke aliyefiwa yuko huru kuolewa na amtakaye, mradi iwe katika Bwana. (Mstari huo sijausikia ukisomwa kwenye mikutano ya akina mama.)

Kwa maoni yangu kizuizi ni mali, na katika hilo Ubelgiji na Kongo zinafanana kuliko tunavyokubali. Hapa, mjane anayepokea pensheni ya marehemu mumewe huikosa akiolewa tena. Kwetu, Sheria ya Familia ya 1987 inawatanguliza watoto katika urithi na kumwachia mjane matumizi ya nyumba aliyoishi na mumewe, matumizi ambayo hukoma akiingia ndoa nyingine. Wabelgiji wameizunguka sheria yao. Wapo wazee wanaoishi pamoja bila ndoa, na wapo ambao kila mmoja hubaki kwake, wakakutana mwisho wa juma na kwenda Ostend kutembea kando ya bahari. Tena tangu mwaka 2000 kuna mapatano ya kuishi pamoja yanayotambuliwa na serikali, ambayo si ndoa na hayamnyimi mjane pensheni yake.

Njia hiyo haiwezi kupelekwa Bukavu jinsi ilivyo. Mama mwenye wakwe hawezi kuhamia kwa mwanamume bila mahari, na mahari yenyewe ni mtihani, kwa sababu sheria yetu bado inayadai ilhali wazazi wa kuyapokea walishazikwa. Shangazi yangu mmoja alipoposwa na mwalimu mstaafu, mjane mwenzake na mtu wa adabu, wadogo zake wa kiume walianza kubishana ni nani atakayechukua ng'ombe, huku wanawe walioko ng'ambo wakikataa kabisa kwa simu na kutishia kuacha kutuma pesa. Sisi wa ng'ambo ndio wakali kuliko wote: tunausifu uhuru wa wazee wa huku, kisha tunamtaka mama abaki vilevile kama picha tuliyoiacha ukutani. Posa ilivunjika. Mwalimu baadaye alioa mwanamke wa rika la binti yake, na kikao hakikuitishwa.

Ikiwa hofu ni mali, dawa imo katika sheria hiyohiyo, kwa kuwa wanaofunga ndoa ya serikali huchagua utaratibu wa mali zao, na mmojawapo ni kila mtu kubaki na chake. Mama na mzee wake wakiuchagua huo mbele ya ofisa wa komini ya Ibanda mjini Bukavu, mali zao hazitachanganyika. Mahari yaweza kuwa mbuzi mmoja, apewe ndugu yeyote aliye hai. Linabaki suala la nyumba ya baba, nalo liko mikononi mwa watoto: waandike kwamba mama ataendelea kuitumia hata akiolewa, au wachange wamjengee chumba katika kiwanja cha mume mpya, jambo lisilotushinda kwa pesa tunazotuma kila Krismasi. Watakaokataa hata hayo, basi wamweleze mama yao wazi ni kitu gani wanachokilinda, kwa sababu nyumba siyo.