Sheria Ije, Ila Ianzie kwa Jirani

Mimi sina ugomvi na mipango miji. Nalisema hilo mapema, maana kwenye mtaa wetu ukishaitwa mpinga maendeleo, mchango wowote ukipita jina lako ndilo linaandikwa la kwanza. Ila ukweli usemwe. Halmashauri yetu (siitaji, we anzia Makambako, nenda na barabara hadi Tunduma, chagua mwenyewe) imeamua kupitia upya mpango wake wa matumizi ya ardhi pamoja na sheria ndogo zake, na inataka wananchi tutoe maoni. Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mtendaji, ule unaofungukia ndani. Mlango ukiwa wazi tangazo liko gizani. Ukiwa umefungwa unalisoma vizuri tu, lakini mtendaji wa kukufafanulia hayupo.

Zamani mambo haya tulikuwa tunamsingizia mtu wa mbali. Siku hizi huwezi. Sheria ya Mipango Miji, Na. 8 ya mwaka 2007, imeifanya halmashauri kuwa mamlaka ya upangaji. Yaani diwani wetu huyuhuyu ninayegombea naye kongoro kwenye supu ya asubuhi, ndiye anayekwenda kukaa barazani na kuamua nyumbani kwangu ni makazi, ni biashara, au ni eneo la wazi. Eneo la wazi na mimi nimelala ndani! Wenzetu wa vijijini wana sheria yao, Na. 6 ya mwaka huohuo, na mambo yao yanapita kwenye mkutano wa kijiji. Sisi wa pembezoni tumekaa pabaya: kwenye ushuru ni mji, kwenye kuomba maji ni kijiji.

Basi mkutano ukaitwa. Kijana wa mipango miji alikuja na projekta, umeme ukakatika kabla hajamaliza kutuamkia. Bahati nzuri alikuwa na ramani ya karatasi, ikatandazwa kwenye boneti ya gari la halmashauri. Upepo wetu wa mwezi wa saba mnaujua. Yakaokotwa mawe manne yakawekwa kwenye pembe, ramani bado inapepea, mwenyekiti akaongeza la tano katikati. Hilo la katikati likakaa juu ya mtaa wetu. Watu wazima tunajadili mpango wa miaka 20 ijayo huku tuko chini ya jiwe! Nikanyoosha mkono, nikaomba lisogezwe. Likasogezwa, likafunika zahanati. Wa upande wa zahanati nao wakaanza kulalamika.

Lilipotoka ndipo nikaona wasifu wetu. Kwenye mchoro wa zamani, hapa palikuwa eneo la shule ya msingi. Shule haikuja, tukaja sisi. Mchoro uliofuata, ule wa urasimishaji tuliochangishwa hela za kupima mpaka tukawekewa bikoni, ukatutambua kuwa ni makazi na ukatupa barabara ya mtaa. Kwenye karatasi barabara ile ni nzuri, ina mpaka kona. Huku chini inapita katikati ya choo cha Mama Ndele, na hakuna gari lililowahi kulalamika. Sasa rasimu mpya imetupaka rangi ya makazi na biashara. Nimekuwa shule, nikawa makazi, sasa nimekuwa mseto, na tangu nihamie sijasogea hata hatua moja.

Mtaalamu akatueleza kwamba kila kiwanja lazima kiwe na matumizi yanayojulikana, na ukitaka kuyabadili unaomba kibali. Nikajikuna. Kwangu mimi mbele kuna fremu mbili: moja saluni ya kiume, ya pili wakala wa pesa anayeuza na mkaa wa kupima. Nyuma ya fremu ndiyo nyumba tunayolala. Ubavuni kuna banda la kuku wa mayai. Uwani Mama Tusa anahifadhi maturubai na viti vya plastiki vya kukodisha, na Jumamosi viti hivyohivyo wanakalia wanakikoba wenzake. Na udongo wowote uliobaki, mahindi. Nikianza kuomba kibali cha kimoja kimoja, watalazimika kuniajiria karani wangu peke yangu.

Hapo kwenye mahindi ndipo tulipokosana. Rasimu inasema mazao marefu yasilimwe kwenye makazi, kwa madai kwamba yanaficha wahalifu na yanaleta mbu. Jamani, sisi watu wa nyanda za juu kusini unatukataza mahindi? Mvua ya mwezi wa kumi na moja ikigusa vumbi tu, awe mwalimu mkuu, awe mganga mkuu, awe huyohuyo aliyechapa rasimu, wote utawakuta wameinama na jembe kati ya ukuta na karo. Mbolea ya kupandia ikichelewa huku, ndoa zinatikisika. Na huyo mhalifu wa kujificha kwenye mahindi namsubiri miaka yote, kila mwezi wa pili yakishatoa mbelewele. Hajatokea. Wezi wangu mimi wote wamepitia mlangoni. Wanaoingia kwenye mahindi wanaiba mahindi.

Nikauliza kwa heshima zote: "Mtaalamu, marefu ni kuanzia wapi?"

"Yanayozidi mita moja, mzee wangu."

Mita moja! Kwa udongo huu, mahindi yakiishia mita moja tunamwita bwana shamba. Kijana akatushauri tulime mchicha, karoti na vitunguu. Mama mmoja nyuma akamuuliza, "Mwanangu, ugali wa karoti umeshawahi kuusonga?" Kijana akainama akaandika. Mpaka leo sijui aliandika nini.

Mzee mmoja aliyewahi kuwa karani serikalini akakumbushia kanuni za kilimo cha mjini za mwaka 1992, kwamba ziliruhusu shamba lisilozidi ekari tatu na ng'ombe wasiozidi wanne, tena wa kufungia bandani. Lengo lake lilikuwa kuonesha kwamba sheria ilishawahi kutuwekea mipaka. Mkutano haukusikia mipaka. Ulisikia ng'ombe wanne. Watu ambao hawana hata njiwa wakaanza kudai ng'ombe wao.

Vijana wanaoosha magari mtoni nao walisomewa Sheria ya Mazingira ya 2004, ile ya mita 60 kutoka kingo za mto. Wakauliza maji watayafuata na nini. Wakaambiwa hilo si swali la mipango miji.

Ila wanaonipa huruma ni wa kando ya barabara kuu. Zamani hifadhi ya barabara ilikuwa mita 22.5 kila upande, ukipimia katikati ya barabara. Ikaja Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ikanenepa ikafika mita 30. Hizo mita 7.5 zilizoongezeka ndizo zilizoleta rangi. Uliye ndani ya 22.5 unapigwa X nyekundu: umevamia, huna chako. Uliyefuatwa na 7.5 unapigwa X ya kijani: wewe barabara ndiyo imekuvamia, siku ya kupisha unalipwa fidia.

Sasa nyumba ya mjomba wangu imejengwa kimshazari, na futi kamba ilipita kwenye korido. Sebule nyekundu, chumba cha kulala kijani. Mjomba si mjinga. Siku hiyohiyo alihamishia makochi, televisheni, kabati la vyombo na picha ya harusi chumbani, kwenye fidia. Sebuleni akabakiza viti vya plastiki. Tangu hapo ukienda kumsalimia anakutazama kwanza, anapima udugu, ndipo anaamua akukaribishe kwenye nyekundu au akupeleke kwenye kijani. Mimi mtoto wa dada yake, damu kabisa, nimeishia nyekundu. Shemeji yake alipokuja na debe la mchele wa Kyela, nilisikia anaitwa ndani.

Na msidhani yameishia hapo. Rasimu ya mpango mpya imeupaka ukanda wote wa kando ya barabara kuwa wa biashara, wenye viwanja watie ghorofa. Kwa hiyo wa barabara wanamwambia mjomba abomoe, wa mpango wanamwambia apandishe juu. Mjomba kawajibu wote kwamba yuko tayari, wakishakubaliana wamwite.

Wazee wa Kinyakyusa nao hawakukaa kimya. Kwao Rungwe na Kyela mtu anazikwa nyumbani, kwenye migomba yake, na ukibisha mpaka unaoneshwa kaburi la babu. Huku mjini sheria ndogo inataka kila maiti iende makaburi ya umma. Mzee mmoja akasimama taratibu, akarekebisha koti. "Mimi watoto wanajua, nikifa ni Tukuyu. Lakini nauli ikiwashinda, nioneshwe hayo makaburi yenu ya mpango yako upande gani." Kijana akayatafuta kwenye ramani. Yalikuwa chini ya jiwe la kona ya kushoto.

Halafu yakafunguliwa maoni ya jumla. Mwe! Hapo ndipo ungejua majirani zako ni nani. Mama Ndele, mwenye mashine ya kusaga inayoanza kunguruma alfajiri, akasema sheria mpya idhibiti kelele za kanisa. Mchungaji, mwenye spika nne juu ya bati, akasema kelele si tatizo, tatizo ni baa kukaa karibu na nyumba ya ibada. Mwenye baa akasema yeye ana leseni na analipa kodi, kinachochafua mtaa ni harufu ya nguruwe wa Baba Lugano. Huyo mwenye baa kitimoto anachokaanga pale jioni, mpaka foleni inafika kwa fundi cherehani, anakinunua kwa Baba Lugano huyohuyo! Baba Lugano alisimama kwa uchungu, akaeleza kwamba nguruwe wake wenye mimba wanashtuka, na anaomba rasimu iweke kifungu dhidi ya mashine za kusaga.

Wakawa wamezunguka wote, na kila mmoja anapigiwa makofi na wale ambao hajawataja. Kijana anaandika tu. Nikapiga hesabu kimoyomoyo: maoni hayo yakipita yote kama yalivyo, mtaa mzima unahamishwa, nabaki mimi na mahindi yangu. Kwa kweli niliona mpango huu una mwelekeo mzuri. Nilikuwa nimeanza hata kuutetea kwa waliokaa karibu yangu.

Ndipo Mama Ndele akaomba nafasi ya pili. Akasema, bila kutaja jina, kwamba kuna mtu mahindi yake yakirefuka yanaziba bango la mashine, wateja wanapitiliza. Bila kutaja jina, lakini mkono ulikuwa unanyooka kwangu. Mtu ambaye choo chake kimekalia barabara ya mtaa! Nikasimama kujibu, mwenyekiti akasema muda umekwisha, wenye maoni zaidi waandike.

Nimeandika, tena kwa peni ya bluu, karatasi mbele na nyuma. Nimependekeza kelele zianze saa tatu asubuhi, nguruwe wahamie nje ya mji ila nyama iendelee kuja, vyoo vilivyo barabarani vibomolewe kabla ya jambo lingine lolote, na mahindi yaliyopandwa mstari mmoja kuzunguka nyumba yatambuliwe kuwa ni wigo. Mistari mingine ya ndani nayo ni wigo, wa akiba.

Haraka sina. Hizi sheria ndogo zina safari: baraza la madiwani lizipitishe, waziri aziridhie, ndipo zitangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Huku kwetu baridi inayachelewesha mahindi, lakini bado nina matumaini yatavunwa kabla waziri hajafikiwa. Msimu unaofuata tutaonana na diwani kwenye supu, safari hii kongoro nitamwachia.

Kilichobaki ni mhuri wa mtaa, maana barua isiyo na mhuri haipokelewi. Nikampelekea mwenyekiti nyumbani. Kwanza akanikumbusha hela ya ulinzi shirikishi, nikalipa ya mwezi huu, ya nyuma tukaelewana. Akavaa miwani, akasoma mbele, akageuza, akasoma nyuma. Akaupuliza mhuri, akaugandamiza kwenye kidau cha wino, akauinua, halafu akausitisha hewani.

"Baba Tusa, hapa kwenye mahindi ongeza na maharage."

"Maharage si marefu, mwenyekiti. Hayajakatazwa."

"Najua. Lakini andika maharage, halafu andika 'popote yalipo'. Kuna machache nimeyaweka pale uwanja wa mpira."