Ndoa ya Mita 1,300

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, naishi Jinja, na kila ufikapo mwezi wa Julai hushtakiwa nyumbani kwangu mwenyewe kwa kosa la kutaka kuiangamiza familia kwa baridi. Kesi husikilizwa saa kumi na mbili jioni, wakati mke wangu anapopita chumba kwa chumba akifunga madirisha kwa bidii ya askari jela, nami nikimfuata nyuma nikiyafungua kwa unyenyekevu wa mtu anayejua kwamba hatashinda. Watoto wameuzoea msafara huo kiasi kwamba yule mdogo, nadhani, anaamini kuwa ni aina fulani ya sala ya jioni.

Kabla msomaji hajatoa hukumu, naomba aelewe nilikotoka. Nilizaliwa Kabale, katika vilima vya Kigezi, mji unaokaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku joto hushuka hadi nyuzi 10 au 11 na ukungu wa asubuhi hukaa mabondeni kama mgeni asiyejua kuaga. Huko mtu hulala chini ya mablanketi mawili yenye uzito wa ndama, na pua peke yake ndiyo hubaki nje kulinda. Mke wangu alizaliwa Pakwach, kando ya mto Nile, mahali pasipofika mita 700, ambako mwezi wa Februari hata mbuzi hugombania kivuli cha nguzo ya umeme. Sasa basi, wanajiografia wanatufundisha kwamba joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, maana yake ni kwamba siku ile nilipovaa suti na kutia sahihi, niliingia bila kujua katika ndoa yenye tofauti ya mita 1,300 na nyuzi zipatazo 8. Wazee wa pande zote mbili walijadili ng'ombe, mbuzi na dini kwa siku mbili nzima, na hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za madirisha. Tulikuja kukaa Jinja, ambayo kwa urefu iko katikati yetu, na kwa kuwa mimi sijui Kialur na yeye hajui Kikiga, tunagombana kwa Kiswahili, tena Kiswahili safi, jambo ambalo ni faida pekee ninayoiona katika mgogoro huu.

Katika masomo ninayofundisha kuna mada ya majira ya mwaka: masika, vuli, kiangazi na kipupwe, majina tuliyopewa na watu wa pwani waliokuwa wakizisikiliza pepo za kusi na kaskazi, nami huwafundisha watoto ambao bahari yao ni Ziwa Victoria. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama Uganda ina kipupwe. Swali hilo si la kitoto. Kwa hesabu za watu wa theluji, sisi wa Jinja tuko kaskazini ya ikweta kwa chini ya nusu nyuzi, kwa hiyo Julai ingepaswa kuwa kiangazi chetu. Lakini ukipanda gari kwenda Masaka, ukauvuka mstari pale Kayabwe ambapo watalii hupigwa picha mguu mmoja ukiwa kaskazini na mwingine kusini, utakuwa umeingia katika majira ya baridi bila hata kubadili shati. Nilimwelekeza kijana yule amtazame askari wa lango la shule. Kipimajoto kilisema nyuzi 20, na askari alikuwa amevaa glavu, kofia ya sufu iliyofunika hata nyusi, na koti lililoshonwa kwa ajili ya watu wa theluji, likachoka huko, likafungwa katika robota la mitumba, ambayo sisi Uganda huiita mivumba, likaja kumalizia uzee wake juu ya ikweta. Nikamwambia kwamba kipupwe kipo, kimeajiriwa na shule yetu, na kinapokea mshahara mwisho wa mwezi.

Nyumba yetu ni ya matofali ya kuchoma, imeezekwa kwa mabati. Mchana kutwa mabati yale hukaangwa na jua, nao ukuta hunywa joto hilo taratibu. Usiku, hewa ya nje inapopoa, ukuta huanza kulirudisha. Ukuta wa matofali ni mkopaji mwaminifu: joto uliloazima kwa jua hulilipa bila kukosa hata senti, ila hulilipa kwangu mimi, ambaye sikuukopesha chochote. Mwili wa binadamu nao, ili upate usingizi mzuri, hupunguza joto lake la ndani kwa karibu nyuzi moja, na kwa kazi hiyo unahitaji hewa ya kuupoza. Dirisha likifunguliwa saa tatu usiku, mambo yote haya hujipanga yenyewe bila gharama. Hata fundi aliyeijenga nyumba hii alilijua hilo, ndiyo maana aliacha matundu ya hewa juu ya kila dirisha. Lakini mke wangu ameyaziba kwa magazeti ya zamani, na sasa nikilala chali naweza kusoma matokeo ya mechi ambazo hazina tena faida kwa mtu yeyote.

Nilidhani sayansi itaniokoa, nikanunua kipimajoto na kukitundika sebuleni. Saa tatu usiku kilionyesha nyuzi 23, huku mke wangu akiwa amevaa sweta na binti yetu akiwa amevaa soksi mbilimbili. Niliwasomea kwa sauti kwamba Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2018 kuhusu nyumba na afya, lilitaja nyuzi 18 kuwa kiwango kinachofaa cha joto la ndani katika majira ya baridi kwa nchi zenye majira hayo, yaani watu waliozungukwa na theluji wanashauriwa wasishuke chini ya kiwango ambacho nyumba yetu haijawahi kukifikia hata alfajiri. Mke wangu alinisikiliza hadi mwisho, kwa sababu ana adabu, kisha akauliza kama shirika hilo limewahi kulala kitanda kimoja na mimi.

Aibu kubwa zaidi ilikuja mwezi wa Januari, mpwa wangu aliyeko Toronto alipotupigia simu ya video. Nyuma yake, kwenye kioo, theluji ilikuwa ikianguka, naye alikuwa amekaa kwa fulana ya mikono mifupi na kaptura akila aisikrimu, maana nyumba za huko hupashwa joto hadi mtu akasahau nchi aliyomo. Upande wetu wa simu, juu ya ikweta, ilionekana familia iliyojifunga shuka kama wasafiri waliokwama stendi usiku. Alituuliza kama kuna msiba.

Tatizo ni kwamba katika nchi yetu, mtu anayesema anaona joto wakati wenzake wanaona baridi hahesabiwi kuwa na maoni. Huhesabiwa kuwa na malaria. Nimekwisha kutobolewa kidole mara tatu kwa sababu ya kulala bila blanketi. Mara zote tatu vipimo havikuonyesha kitu, na mara ya tatu muuguzi alimtazama mke wangu kwa huruma na kumwambia kwamba wanaume wakifika umri fulani huwa hivi. Tulipotoka tulipita dukani kujipooza. Mwenye duka aliuliza kama kawaida, soda baridi au ya moto, na mke wangu, saa nane mchana, jua likiwa utosini, akaagiza ya moto.

Wala nisidhaniwe kuwa mateso yangu yanaishia mlangoni pa nyumba. Nikipanda taksi, yaani basi dogo la abiria, kutoka Kampala huwa naomba kiti cha dirishani kwa ajili ya msitu wa Mabira, kwa sababu pale, kwa dakika kadhaa, hewa hupoa na kunukia majani mabichi, nami hukumbuka nyumbani hadi macho yakataka kulengwa na machozi. Safari ya mwisho nilifungua kioo kwa upana wa kiganja. Kabla sijavuta pumzi ya pili, abiria kumi na watatu walikuwa wameungana, watu wasiojuana kwa jina wala kwa kabila, na mama mmoja aliyepakata mtoto aliyefungwa kofia, sweta na shali akasema kwa upole wa kutisha, "Mzee, funga dirisha, mtoto atapata nimonia." Nikafunga. Tulipofika Najjembe, wachuuzi walilikimbilia gari wakiwa na kuku wa kuchoma kwenye vijiti, gonja, yaani ndizi za kuchoma, na maji ya chupa, na madirisha yote yakafunguka kwa mpigo mmoja, pamoja na lile la mama mwenye mtoto, ambaye alitoa nusu ya mwili wake nje akipatana bei ya paja. Kumbe kinacholeta nimonia si upepo. Ni upepo usio na kuku.

Kisha, Julai hiyo hiyo, akaja mama mkwe. Mkwe wa Pakwach anapokuja kwako, nyumba si yako tena, na mimi nililikubali hilo tangu nilipopokea mzigo wake na kumwamkia. Usiku wa kwanza aliuliza kwa heshima kama nyumba hii ilijengwa kwa ajili ya watu au kwa ajili ya kuhifadhi samaki. Usiku wa pili alitaka sigiri iingizwe chumbani ikiwa na makaa yake mekundu, na hapo, kwa mara ya kwanza katika ndoa hii, nilisimama imara, kwa kuwa makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo humchukua mtu usingizini bila hata kubisha hodi. Nilimweleza jambo hilo nikiwa nimesimama mbali kidogo, mikono nyuma, kama mwanafunzi anayejibu swali la mtihani. Alikubali sigiri ibaki barazani, mimi nikatoa mablanketi yangu mawili ya Kabale pamoja na la tatu la akiba, akalala chini ya hayo yote, nami nikalala kwa shuka moja kwa furaha ambayo nilijitahidi kuificha. Asubuhi alimwambia binti yake kitu kwa Kialur. Mke wangu alinitafsiria kuwa alisema mimi ni mtu mkarimu, ingawa watoto, ambao wanaijua lugha hiyo kuliko mimi, wanashikilia kuwa neno lenyewe lilikuwa "chura".

Haki inanilazimu kukiri kwamba upande wa pili una hoja moja ambayo sijawahi kuijibu, nayo ni suruali. Miaka michache iliyopita, kabla hatujaweka wavu wa waya dirishani, nilishinda mabishano ya usiku mmoja, nikalala dirisha likiwa wazi na suruali yangu ikiwa imetundikwa kwenye kiti. Nondo za dirisha zilikuwepo, na mtu mzima asingeweza kupita. Lakini mwizi wa aina ile haingii, huvua. Alipitisha fimbo ndefu yenye ndoano, akaivuta suruali polepole kama mvuvi anayemvuta ngege asiyetaka kumshtua, na pamoja na suruali zilikwenda simu, funguo za stoo ya shule na nusu ya mshahara. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba niliamka katikati ya jambo lile, nikaona suruali yangu ikielea hewani kuelekea dirishani, nikadhani kwamba ni upepo mzuri wa usiku, nikatabasamu, nikarudi kulala. Kosa langu ni kwamba nilimsimulia mke wangu sehemu hiyo. Kwa miaka miwili mizima, kila nilipotamka neno "hewa", yeye alijibu "suruali", na mjadala ukafungwa.

Siku hizi tunaishi kwa mkataba. Dirisha letu la chumbani ni la kioo cha kusukuma, na tulikubaliana kwamba kila usiku litaachwa wazi kwa kipimo kisichobadilika, ili mtu asije akalisogeza kidogo kidogo huku akijifanya anakohoa. Yeye alipendekeza kipimo kiwe daftari la kurasa 48. Mimi nilipendekeza kamusi yangu. Baada ya siku tatu za mazungumzo alikubali kamusi, nami nikaiweka mara moja kwa urefu wake. Akaniambia kwamba mwalimu wa lugha anapaswa kujua tofauti ya urefu na unene, akaisimamisha kwa unene, ambao ni sentimita nne, na tangu siku hiyo kamusi hulala pale ikiwa imebanwa kati ya kioo na fremu. Nikihitaji kuhakikisha neno usiku, sheria ni kwamba niifunge kwanza hewa ndipo nichukue kitabu, na kwa kuwa siko tayari kupoteza hata dakika moja ya ubaridi wangu kwa ajili ya tahajia, msomaji akikutana na neno humu ambalo si sanifu, aelewe kuwa kamusi iko kazini.

Kuna jambo moja ambalo mke wangu bado hajaligundua, nami naliandika hapa kwa sababu yeye hasomi ninayoandika, akisema kwamba anayasikia vya kutosha mdomoni. Wavu huzuia mbu na fimbo, lakini hauzuii manyunyu, na karatasi, kama kila mpishi wa ugali anavyojua kuhusu unga, hufura inapopata maji. Kurasa za herufi A hadi K zimekwisha kuvimba. Jana jioni, alipokuwa jikoni akichemsha maji ya kuoga, nilichukua rula ya shule nikaipima: sentimita nne na nusu, na mvua za Septemba bado hazijaanza.