Blogu haifi kwa kukosa makala mpya

Kila anayeanzisha blogu huambiwa aandike kila siku. Naupinga ushauri huo. Mtu mwenye kazi nyingine mchana hawezi kutoa makala ya kila siku bila ubora kushuka, na baada ya miezi michache huchoka akaiacha blogu ilivyo. Makala moja nzuri kwa wiki inatosha. Hata mbili kwa mwezi zinatosha, mradi wiki moja ya kila mwezi itumike kurudi nyuma na kurekebisha zilizokwisha kuchapishwa. Wiki hiyo ya marekebisho ndiyo itakayoamua kama blogu itasomwa mwaka wa tatu.

Sababu ni namna wasomaji wanavyofika. Anayetoka Google hapitii ukurasa wa mbele. Anaangukia makala iliyojibu swali lake, na mara nyingi makala hiyo ina miaka miwili, mitatu au minne. Chukua mfano wa OTT, ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza hapa Uganda Julai 2018. Makala ya wakati ule iliyoeleza jinsi ya kuilipa kwa simu ilikuwa na faida kubwa. Julai 2021 kodi hiyo ikaondolewa, ikaja ya asilimia 12 juu ya data. Ukiiacha makala ileile bado inasema "fuata hatua hizi ulipe OTT", msomaji atajua kwamba blogu hii haina mwenyewe.

Usiifute. Makala ya zamani ina viungo vinavyoielekea kutoka kwingine, na ukiifuta vyote vitaishia kwenye ukurasa wa kosa. Weka juu kabisa mstari mmoja unaotaja mwezi na mwaka wa marekebisho na kilichobadilika: kodi ya OTT iliondolewa Julai 2021. Andika upya aya ya kwanza ieleze hali ya sasa, maelezo ya zamani uyashushe chini kama historia, kisha weka kiungo cha kumpeleka msomaji kwenye makala yako mpya ya gharama za data. Anwani ya makala usiiguse. Ukilazimika kuibadilisha, weka uelekezaji wa kudumu, ule wa namba 301, kutoka anwani ya zamani kwenda mpya. Ndiyo maana si busara kutia mwaka kwenye anwani: "ada-za-pasipoti" itadumu, lakini "ada-za-pasipoti-2023" itakusumbua kila Januari. Na tarehe usiibadilishe kama hujabadilisha maneno. Msomaji akikuta tarehe ya juzi juu ya bei ya miaka miwili iliyopita, hatakuamini tena hata kwenye yale uliyoyapatia.

Uanze na makala ipi? Google Search Console, chombo kinachoonyesha jinsi blogu yako inavyopatikana kwenye Google, ni ya bure na itakuonyesha. Fungua ripoti ya utendaji, linganisha miezi 3 iliyopita na miezi 3 kabla yake. Utaona makala za aina mbili zinazostahili kazi yako. Za kwanza ni zilizoporomoka mibofyo. Hizo kwa kawaida zimepitwa na wakati. Za pili ndizo ninazozipenda zaidi: zile zinazosimama kati ya nafasi ya 8 na ya 20, zinaonekana mara nyingi kwenye matokeo lakini hazibofywi. Hizo ziko karibu kufanikiwa. Soma maneno ambayo watu waliyaandika hadi makala ikajitokeza. Mara nyingi wanauliza jambo ambalo wewe umeligusa kwa sentensi moja tu. Umeandika juu ya kilimo cha maharage kwa jumla, nao wanauliza ekari moja inataka kilo ngapi za mbegu. Lipe swali hilo kichwa chake kidogo, na jibu liwe kwenye sentensi ya kwanza chini yake, kwa kilo, pamoja na nafasi kati ya mistari. Kichwa kikuu kisizidi herufi 60 hivi, kwa sababu kirefu hukatwa kwenye matokeo. Kisha subiri wiki nne hadi sita kabla ya kuhukumu. Rekebisha makala tano kwa mwezi, si hamsini kwa usiku mmoja, maana ukizigusa zote pamoja hutajua ni mabadiliko gani yaliyosaidia. Na ukigundua makala mbili nyembamba zinajibu swali moja, ziunganishe ziwe moja nene, ile dhaifu uielekeze kwa yenye nguvu.

Kuhusu mada, sisi tunaoandika Kiswahili tukiwa Uganda tuna nafasi ambayo wengi hawaioni. Kiswahili kiliingizwa kwenye Katiba mwaka 2005 kama lugha ya pili rasmi, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Hata hivyo mambo ya Uganda yaliyoandikwa kwa Kiswahili bado ni machache. Dereva wa lori aliyekwama Malaba, mfanyabiashara wa Bukoba anayevukia Mutukula, Mkongomani aliyehamia Kampala: hawa wote wanatafuta taratibu, ada na bei, na wengi wao hawatafuti kwa Kiingereza. Waandikie hao. Lakini kumbuka wanasoma kutoka nchi tofauti. Ukiandika "shilingi 50,000" Mtanzania ataelewa vingine na Mkenya vingine, basi taja "shilingi za Uganda" mara ya kwanza katika kila makala. Gunia la mahindi Kenya ni kilo 90, huku kwetu huhesabiwa kilo 100; andika kilo. Namba za simu zianze na +256.

Mada nyingi zina msimu wake, na msimu haumsubiri mwandishi. Kusini na katikati ya nchi mvua hunyesha mara mbili, za kwanza zikianza kama Machi na za pili kama Septemba, ilhali kaskazini msimu huwa mmoja mrefu. Makala ya kupanda itoke katikati ya Januari na katikati ya Julai, kwa sababu blogu changa inaweza kuchukua wiki kadhaa kabla Google haijaipa nafasi. Ikitoka mvua zikiwa zimeanza, mkulima ameshanunua mbegu.

Uzito wa ukurasa ndio unaofukuza watu kimyakimya. Wasomaji wengi wako kwenye simu ya bei nafuu na bando la siku. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera ya simu ina megabaiti 3 hadi 5. Ipunguze upana hadi pikseli 1200, ihifadhi kwa muundo wa WebP kwa ubora wa asilimia 75 hivi, na mara nyingi itashuka hadi kilobaiti 150 hivi bila jicho kuona tofauti. Squoosh inafanya kazi hiyo bure ndani ya kivinjari. Fanya hivyo kabla ya kupakia. Kuivuta picha kona ndani ya kihariri hubadilisha inavyoonekana, faili lenyewe linabaki lilelile. Lengo langu ni ukurasa mzima usiozidi megabaiti 1. Google inahesabu kuwa vizuri pale kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini kinapotokea ndani ya sekunde 2.5, na PageSpeed Insights itakupimia. Kipimo hicho hakitoshi, hata hivyo. Ufungue ukurasa wako kwenye simu ya kawaida, kwa data, ukiwa nje ya mji, si kwa Wi-Fi ya ofisini. Video zinazojichezesha, aina tatu za fonti na plagini (viongezo vya blogu) kumi za mapambo ndizo utakazokuta zinachelewesha.

Umiliki nao usiufanyie mchezo. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook ilifungwa nchini, na kufuli hilo likadumu miaka. Aliyekuwa na ukurasa wa Facebook peke yake alibaki na wale tu walio tayari kutumia VPN, programu ya kukwepa kufuli la mtandao. Mitandao itumie kuita watu, lakini makala zikae kwenye domeni yako, yaani jina la anwani yako mtandaoni, iwe .com au .co.ug, na wasomaji wa kudumu wakuachie barua pepe. Domeni iandikishwe kwa jina lako na barua pepe yako. Kosa baya ninaloliona ni fundi aliyetengeneza blogu kuiandikisha kwa jina lake. Mkigombana au akihama, huna blogu. Washa malipo ya kujirudia kila mwaka. Domeni ya .com isipolipiwa hupitia kipindi cha ahueni kisichozidi siku 45, kisha siku 30 za kuikomboa kwa faini, kisha siku 5, halafu yeyote anaweza kuichukua.

Kwa wanaotumia WordPress, programu ya kuendeshea blogu, nakala rudufu ni kila wiki, na iwe na vitu viwili: mafaili na hifadhidata. Wanaohifadhi mafaili pekee hubaki na picha bila makala. Nakala moja ikae nje ya seva. Mara mbili kwa mwaka jaribu kuirudisha mahali pa majaribio, kwa kuwa nakala usiyowahi kuijaribu huwezi kuitegemea. Sasisha plagini moja baada ya nyingine, baada ya kuchukua nakala, ili blogu ikianguka ujue iliyoiangusha.

Pesa nazitaja kwa ufupi kwa sababu zinakuja mwisho. AdSense, huduma ya matangazo ya Google, hulipa ukifikisha dola 100, na ukifika dola 10 hutuma PIN kwa posta kuthibitisha anwani yako. Andika sanduku la posta unalolifungua kweli. Usibofye matangazo yako mwenyewe wala kuwaomba ndugu wabofye, akaunti hufungwa. Kwa blogu ndogo ya hapa naona heri tangazo la duka la pembejeo mjini Mbale au la wakala wa mizigo wa Busia, linalolipwa kwa mobile money na kuandikwa wazi kuwa ni tangazo.

Ukikusanya barua pepe za watu, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakuhusu: omba ridhaa, eleza utazitumiaje, na mtu akitaka kutoka mtoe. Kabla ya kuandika habari za watu kwa majina, soma pia Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 pamoja na marekebisho yake, na uulizie masharti ya sasa ya Tume ya Mawasiliano ya Uganda kwa wachapishaji wa mtandaoni.

Na ukijua una miezi miwili ya mitihani au ya shamba mbele yako, usijaribu kujaza pengo kwa makala za haraka. Andaa nne mapema, zipangie tarehe zijitokeze zenyewe kila baada ya wiki mbili, na muda mchache utakaoupata katikati utumie kukagua bei na ada kwenye makala zako kumi zinazosomwa zaidi.