Kupunguza hesabu ya mureleti kunaokoa nini?

Tangu mwaka 2014, mureleti wa mabaka (Brachyramphus marmoratus), ndege mdogo wa baharini anayetaga msituni, hahesabiwi tena kila mwaka katika sehemu kubwa ya pwani ya magharibi ya Marekani. Kanda nyingi kati ya tano zinazofuatiliwa chini ya mpango wa serikali ya Marekani wa 1994 wa kulinda misitu huruka mwaka mmoja; ya kusini kabisa husubiri zaidi. Wanaotetea upunguzaji huo wana hoja. Boti na wahesabuji waliofunzwa ni ghali, na ndege huyu huishi miaka mingi. Afadhali fedha zikalinde misitu anamotaga, wanasema.

Sikatai kwamba misitu ndiyo uhai wake. Lakini huyu hahesabiki msituni. Kiota chake kilionekana huko California mwaka 1974 tu, na mpogoaji wa miti, juu ya mti mkubwa katika hifadhi ya Big Basin. Hutaga yai moja kwenye tawi nene la mti mkongwe, pengine makumi ya kilomita kutoka baharini, na huingia kiotani kukiwa bado giza. Wanaomsikiliza alfajiri waweza kusema yupo. Wangapi, hilo hupatikana baharini. Kuanzia katikati ya Mei hadi mwisho wa Julai, boti hufuata mistari iliyopangwa, na wahesabuji wa pande zote mbili hukadiria umbali wa kila ndege ili wakokotoe na wale waliowapita bila kuonekana. Wengine wakati huo wamezama wakisaka samaki.

Ndiyo maana makadirio ya mwaka mmoja huwa na pengo pana kati ya kiwango cha chini na cha juu. Wakosoaji wa hesabu ya kila mwaka hulitaja pengo hilo kama sababu ya kupunguza kazi. Mimi naliona kuwa sababu ya kuiendeleza. Katika jimbo la Washington, kati ya 2001 na 2015, mureleti walipungua kwa zaidi ya asilimia 4 kwa mwaka. Nambari hiyo haimshtui mtu. Humezwa kabisa na pengo la mwaka mmoja, na hakuna hesabu moja ambayo ingeifichua. Ilijitokeza kwa sababu miaka ilirundikana. Ila kwa mwendo huo nusu ya ndege huwa wamekwisha kwa miaka 15 au 16. Ukiruka mwaka, unachelewesha ushahidi, na ndege wa yai moja, ambalo mara nyingi huliwa na kunguru, hafidii haraka alichopoteza.

Tena katika kipindi hichohicho, Oregon na California hazikuonyesha kushuka kama huko. Jumla ya pwani nzima ingeuficha msiba wa Washington.

Kusini, ambako ndege ni wachache mno, nakubali hesabu ya kila mwaka haizai mengi. Huko ipunguzwe. Lakini ghuba ya Puget Sound na pwani ya nje ya Washington, jimbo lililompandisha daraja mwaka 2017 kuwa ndege aliye hatarini kutoweka, zirudishiwe boti zao kila kiangazi.