Jengo Moja, Maabara Mbili, Tofauti ya Asilimia 40

Mwaka 2002, maabara mbili zinazoheshimika za Amerika Kaskazini zilikadiria, kila moja kwa utaratibu wake, nguvu ya upepo iliyoielemea minara ya World Trade Center ya New York, kwa kuipulizia hewa modeli ndogo ya minara hiyo ndani ya handaki la upepo. Minara ilikwisha kuanguka, tena si kwa upepo; vipimo vilihitajika katika kesi ya bima. Wataalamu wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, walipoyalinganisha matokeo katika uchunguzi wao uliochapishwa mwaka 2005, walikuta yanapishana kwa hadi asilimia 40 hivi.

Wengi wakisikia hivyo huishuku kwanza modeli. Ni kweli kwamba mnara wa mita 417 ukipunguzwa mara 400 unakuwa kitu kinachomfika mtu kiunoni, ilhali hewa inayoupiga haipungui pamoja nao. Katika jengo la mviringo kasoro hiyo ni nzito, kwa sababu mahali upepo unapobanduka ukutani huhama kadiri ukubwa wa jengo unavyobadilika. Katika jengo la pembe kali upepo hubandukia penye pembe, kwa modeli na kwa jengo halisi, hivyo kasoro hupungua sana. Mafundi hutandaza vipande vya mbao sakafuni ili hewa ifike imevurugika kama iliyopita juu ya mji, kisha huzungusha meza yenye modeli digrii 10 kwa digrii 10 hadi duara litimie. Kazi hiyo, ikifanywa kwa makini, mimi huiamini.

Kinachonitia shaka ni hesabu za baadaye. Handaki halijui New York hupigwa na dhoruba ya kasi gani wala kutoka upande upi. Hayo huletwa na takwimu za hali ya hewa, na kila maabara ina njia yake ya kuziunganisha na vipimo vya modeli. Kwa kuwa nguvu hukua kwa mraba wa kasi, ukikosea kasi kwa asilimia 10 umekosea nguvu kwa asilimia 21, na pengo la asilimia 40 linaweza kuzaliwa na tofauti ya asilimia 18 tu ya kasi.

Wapo wanaojibu kwamba vizidisho vya usalama, yaani nguvu ya ziada ambayo jengo hupewa kupita ile iliyokadiriwa, vinafunika yote hayo. Vinafunika, lakini akiba hiyo imewekewa pia makosa mengine, na mhandisi anayekabidhiwa namba moja tupu hawezi kujua ni kiasi gani kimekwisha kutumika. Ndiyo maana naona kila ripoti ingepaswa kutaja kasi iliyochaguliwa, njia ya kuunganisha mielekeo ya upepo na vipimo vya modeli, na kiwango cha juu na cha chini cha kila makadirio. Tofauti ya minara ile ilionekana kwa kuwa kulikuwa na ripoti mbili mezani. Miradi mingi hulipia moja.