Makundi kazini: anayeyalea ni meneja

Mtu akilalamika kuwa ofisini kwao kuna makundi, huambiwa: "Fanya kazi yako, achana na majungu." Ushauri huo ungefaa kama majungu yangeishia kwenye maneno. Kampuni ikikosa uongozi, kazi yenyewe hupitia kwenye kundi.

Chukua stoo ya kampuni ya usambazaji Dar es Salaam. Ratiba ya zamu imebandikwa ukutani, lakini meneja anaibadilisha usiku kwenye kundi la WhatsApp lenye watu wake wanne. Mtunza stoo asiyekuwemo anafika saa 2 asubuhi kama karatasi inavyosema, anakuta alitakiwa saa 12. Anapewa barua ya onyo. Barua inaingia kwenye faili lake, ujumbe wa WhatsApp hauingii popote. Siku ya kutafuta wa kupandishwa cheo, yeye ndiye mwenye doa.

Wanaotetea makundi wana hoja zao, na si za kupuuza. Mwenye biashara humweka shemeji yake kaunta kwa sababu ameshaibiwa na wageni. Ukifiwa, wa kundi lako ndio wanaochanga na kukodi Coaster ya kwenda mazishini wakati ofisi bado inatafuta nani asaini. Na penye bosi anayefukuza watu kwa hasira, kushikana ni kinga. Undugu wa namna hiyo naukubali kabisa. Ubaya huanza meneja anapolikabidhi kundi safari zenye posho, ovataimu na taarifa za kazi, kwa sababu hivyo ni vya wafanyakazi wote.

"Basi acha kazi" ni rahisi kwa asiyedaiwa kodi ya nyumba. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 humhesabu aliyelazimika kuacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya isivumilike kuwa ameachishwa. Lakini ana siku 30 tu za kufikisha mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo hayumo kwenye kinga hiyo. Juu ya hapo, atathibitishaje mambo yaliyosemwa kwa mdomo koridoni? Fao la kukosa ajira la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nalo halimhusu aliyejiuzulu kwa hiari yake.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, andika mengine. Agizo la mdomo lirudishe kwa barua pepe siku hiyohiyo: "Kama ulivyoniagiza leo, kuanzia kesho nitaingia saa 12." Wapambe watakuona mkorofi, na huenda safari zikakupita kwa muda. Hiyo ni gharama ya kweli. Ila onyo la kuchelewa litakuwa na jibu lenye tarehe, na mwenye kampuni akitaka kujua kwa nini watu wake wazuri wanaondoka, atakuwa na cha kusoma.