Shingo ya hamira: pete huvuta au ukuta husukuma?

Hamira ya mkate, Saccharomyces cerevisiae, haijikati katikati. Seli mama huota chipukizi, chipukizi hunenepa, kiini hugawanywa kupitia shingo, na mwisho shingo hiyo yenye kipenyo cha takribani mikromita 1 huzibwa. Hatua hiyo ya kuziba ndiyo yenye ubishi. Wapo wanaosema utando huvutwa ndani na pete ya aktini na miosini (protini za nyuzi na za injini zinazovuta), na wapo wanaosema pete ni kiongozi tu, kazi nzito ikifanywa na ukuta mpya unaojengwa nyuma yake.

Maelezo ya pete yalipata nguvu mwaka 1998, tafiti mbili zilipoonyesha kwamba hamira nayo ina pete inayokaza. Mpangilio wake unajulikana vizuri. Septini, protini zinazounda kiunzi shingoni, hujipanga mahali pa kuchipua hata kabla chipukizi halijaonekana. Myo1, yaani mnyororo mzito wa miosini ya aina ya pili, hufika shingoni chipukizi linapoanza kutokeza. Aktini huja baadaye sana, kiini kikiwa karibu kumaliza kugawanyika, na bila protini iitwayo Iqg1 haikusanyiki kuwa pete. Seli inapotoka katika mitosisi, yaani mgawanyiko wa kiini, septini zilizokuwa na umbo la shisha ya mchanga hujigawa kuwa pete mbili, na pete ya Myo1 iliyo kati yao hunywea kwa muda wa dakika 6 hadi 8 hivi. Ukiitazama kwenye darubini, mstari wa kijani unaofupika hadi kuwa nukta, ni rahisi kuamini kwamba unavuta, kama kamba inavyofunga mdomo wa gunia.

Tatizo linaanza unapomwondoa mvutaji. Katika koo nyingi za hamira za maabara, seli zilizofutwa MYO1, jeni la Myo1, haziishi vizuri lakini zinaishi: hukaa kwa mafungu, viambaza vyake, yaani kuta zinazotenganisha seli mama na chipukizi, vimepinda na vinene, na bado huongezeka. Zaidi ya hapo, Myo1 iliyokatwa kichwa, yaani sehemu yenye injini, hufika shingoni kwa mkia wake, na pete huendelea kunywea, japo polepole kuliko kawaida. Kama injini si ya lazima, "mvuto wa miosini" hauwezi kuwa maelezo kamili. Watetezi wa pete wana jibu: aktini yenyewe ikimeng'enywa huku nyuzi zake zikiwa zimeshikamana, pete inaweza kufupika bila injini, na kofilini, protini inayokata nyuzi za aktini, imeonyeshwa kuhusika. Jibu hilo ni zito, ila linahamisha mzigo tu. Halisemi kama mvuto huo unatosha.

Hesabu ndogo inasaidia hapa. Chukua shinikizo la ndani la seli kuwa megapaskali (MPa) 0.2, ambalo ni kadirio la chini. Chukua upana wa mfereji unaoingia ndani kuwa mikromita 0.1, na nusu kipenyo cha shingo mikromita 0.5. Zidisha vitatu hivyo: pete ingehitaji mkazo wa nanonyutoni 10 hivi ili kuushinda msukumo wa ndani. Mkazo uliopimwa katika pete ya hamira nyingine, Schizosaccharomyces pombe, baada ya seli kuvuliwa ukuta, ni takribani nanonyutoni 0.4. Pengo ni la mara 25. Hata tukikosea makadirio kwa mara tano, pete peke yake haifui dafu. Seli ya mnyama haina shinikizo la namna hii wala ukuta, ndiyo maana picha iliyochukuliwa kwake haikai vizuri kwenye hamira.

Upande wa ukuta una shahidi wake mkuu, Chs2, kimeng'enya kinachotengeneza kitini, sukari ngumu ya ukuta, cha kiambaza cha kwanza. Cdk1, kimeng'enya kinachoendesha mzunguko wa seli, hukifungia katika retikulamu ya endoplazimu (mtandao wa utando ndani ya seli) kwa kukitia fosfati. Kimeng'enya kingine, Cdc14, huziondoa fosfati hizo mitosisi inapoisha, na vifuko hukibeba hadi shingoni. Protini Inn1 na Cyk3 husaidia kukiamsha. Bila Chs2 pete huanza kukaza, kisha hupinda au kusambaratika, na utando ulioingia hurudi nyuma. Bila Inn1, pete hunywea lakini utando haufuati. Na nakala nyingi za jeni CYK3 huokoa seli zisizo na IQG1 bila kurejesha pete yoyote. Huo wa mwisho, kwa maoni yangu, ndio ushahidi mgumu kuupinga.

Lakini upande huu nao hupita mpaka. Jaribio linalotajwa sana ni la latrunkulini A, dawa inayovunja aktini: pete hupotea, na seli hushindwa kujigawa vizuri. Matokeo haya hayathibitishi chochote kwa yeyote. Dawa hiyo huvunja pia nyaya za aktini ambazo Myo2, miosini nyingine ya kubeba mizigo, huzitumia kuburuta vifuko vyenye Chs2. Umekata kamba mbili kwa kisu kimoja. Halafu kuna ubora wa kiambaza: penye pete, kitini hujengwa kwenye bapa moja, chembamba na kilichonyooka, pasipo pete, Chs3, kimeng'enya kingine cha kutengeneza kitini, hulazimika kuziba kwa rundo la kitini lisilo na mpangilio. Kwa hiyo pete ni ramani ya ujenzi, na mvuto wake mdogo huenda unasaidia kuelekeza. Kuiita pambo ni kosa.

Mengi ya mabishano yangepungua kama vipimo vingefanywa kwa uangalifu. Fungu la seli si lazima liwe dalili ya kushindwa kujigawa. Laweza kuwa kushindwa kuachana tu, kama pale Cts1, kimeng'enya kinachokata kitini, kinapokosekana. Kuzitikisa seli kwa mtetemo wa sauti hakutofautishi hali hizi mbili. Zigandishe seli zilivyo kwa formaldehaidi, zilainishe ukuta kwa Zymolyase, kimeng'enya kinachoyeyusha ukuta wa hamira, kisha hesabu: zikiachana, saitoplazimu (majimaji ya ndani ya seli) zilikwisha tengana. Picha moja kila dakika mbili ni chache mno kwa tukio la dakika sita, na mwanga mwingi wa kuchochea GFP, protini ya kijani inayong'aa, huidhuru seli na kuichelewesha. Baya kuliko yote ni kutumia seli zisizo na MYO1 zilizokaa siku nyingi kwenye sahani: utafiti wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba seli hizo hujirekebisha upesi kwa kubadilisha idadi ya kromosomu, hivyo unachokipima wiki ya tatu si kile ulichokifuta. Anza na spora mpya kila mara.